Upepo wa Tairi na Ardhi ya Singida

Ukitoka Singida mjini alfajiri, ukashika lami ya Manyoni, ukakunja kwenda Itigi na kisha ukaifuata njia ya Rungwa kuelekea Chunya, magurudumu yako yatakanyaga lami, changarawe, vumbi laini na mchanga mzito kabla jua halijatua. Ukielekea upande wa pili, ukapita Iramba na kuuteremka mlima Sekenke, unaingia bonde la Wembere. Huko, ukiacha barabara kuu wakati wa mvua, utakutana na udongo mweusi wa mbuga usiomstahi mtu. Mkoa ni mmoja, gari ni moja, matairi ni yale yale manne. Kuna kitu kimoja ambacho dereva anayeijua kazi yake hukibadilisha njiani: kiasi cha upepo kilichomo ndani ya tairi.

Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu. Watu wakizungumzia magari ya porini husifu injini, husifu mkonga wa kuvutia hewa uliopanda mpaka usawa wa paa, husifu winchi na taa zilizopangwa juu ya bampa. Mara chache utasikia sifa za mtu aliyechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma saa kumi na mbili asubuhi, geji mkononi, akisoma namba, akifikiri, akitoa upepo kidogo na kupima tena. Hatumii nguvu. Hakuna kelele isipokuwa mlio mwembamba wa valvu. Lakini uamuzi anaoufanya pale unaamua kama mgonjwa wa Rungwa atafika hospitali usiku huo huo au atalala njiani ndani ya gari lililonasa.

Madereva wa magari ya wagonjwa, askari wa wanyamapori wanaozunguka mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, mafundi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanaokwenda kukagua makalavati baada ya mvua, wanunuzi wa asali na alizeti: wengi wao hawakuupata ufundi huu darasani. Waliupata kwa kukaa kiti cha pembeni na kumtazama aliyewatangulia, kwa kuuliza, na kwa kusukuma gari pale mkubwa wao alipokadiria vibaya. Ni elimu ya kupokezana, na inastahili kuandikwa.

Tuanze na kazi ya upepo wenyewe. Kinacholibeba gari ni hewa iliyobanwa. Mpira ni mfuko wa kuishika hewa hiyo isitoke. Chukua Land Cruiser yenye uzito wa kilo 2,400 pamoja na watu waliomo, uzito ukiwa umegawanyika sawasawa. Kila gurudumu linabeba kilo 600. Ukilijaza tairi paundi 35 kwa inchi ya mraba, ambazo mafundi huzitaja kwa namba tupu, "weka thelathini na tano", hewa ile inasukuma kwa karibu kilo mbili na nusu kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya 600 kwa mbili na nusu, unapata sentimita za mraba 240. Basi eneo la tairi linalogusa ardhi ni hilo tu, dogo kuliko nusu ya karatasi ya A4. Ushushe upepo hadi 18, na eneo lile linakaribia kuongezeka mara mbili, kama sentimita za mraba 470. Hesabu hii ni ya karibu, kwa kuwa ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya mzigo, lakini inatosha kuonyesha mambo yanavyokwenda.

Wengi hudhani tairi lililopunguzwa upepo hutanuka kwa upana. Hutanuka kidogo. Ongezeko kubwa linakuja kwa urefu: tairi linalala chini mbele na nyuma, kashata nyingi zaidi, vile vinundu vya uso wa tairi, zinagusa ardhi kwa wakati mmoja, na mchanga unabanwa taratibu badala ya kuchimbwa. Aliyewahi kutembea ufukweni na viatu vya visigino virefu, kisha akavivua na kuvaa kandambili, ameshalielewa jambo hili kwa miguu yake.

Namba ya kuanzia ipo kwenye gari lenyewe. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo, utaona kibandiko chenye ukubwa wa tairi na upepo unaopendekezwa, mbele na nyuma. Kwa magari yetu mengi yaliyotoka Japani yakiwa yameshatumika, maandishi ya kibandiko hicho ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka, na kwa kawaida ziko katika kilopaskali. Gawanya kwa 6.9 upate paundi: 200 ni 29, 220 ni 32, 240 ni 35. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ina kazi nyingine kabisa. Ile ni ukomo wa upepo ambao tairi hilo linaruhusiwa kubeba, na haijui limefungwa kwenye gari gani wala limebeba nini. Kuna mafundi wa kandokando ya barabara ambao huifuata hiyo, au huweka 40 kwa kila gari linalosimama mbele yao, kwa nia njema kabisa, wakiamini tairi gumu ndilo tairi zima. Gari likiondoka hapo linadundadunda, linakula kashata za katikati, na breki zake zinashika eneo dogo kuliko inavyotakiwa.

Aliyebadilisha matairi na kufunga makubwa zaidi au yenye nyuzi nene za magari ya mizigo asikishike kibandiko kama sheria, kwa sababu kiliandikwa kwa tairi jingine. Huyu ndiye anayehitaji zaidi mbinu nitakayoieleza hapa chini.

Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa limepoa, kabla ya kwenda popote. Kila joto la hewa ndani ya tairi linapopanda kwa nyuzi tano na nusu hivi, upepo unapanda paundi moja. Likishuka, unashuka vilevile. Hapo pana jambo ambalo limenipendeza tangu nilipolipigia hesabu mara ya kwanza. Mtu anajaza matairi Dar es Salaam, usawa wa bahari, joto nyuzi 28, geji inasoma 35. Anasafiri kilomita zipatazo 700 hadi Singida, mji ulio kama mita 1,500 juu ya bahari. Kwa kuwa hewa ya nje huku juu ni nyepesi zaidi na haiisukumi geji kama ya pwani, kimo peke yake kingeipandisha ile 35 hadi 37 na nusu hivi. Lakini analala Singida, na asubuhi ya Julai anaamkia baridi ya nyuzi 15. Baridi hiyo inaupunguza upepo kwa paundi mbili na ushee. Anapima, anakuta 35 yake iko pale pale. Anaweza kudhani hakuna kilichotokea, kumbe nguvu mbili zimevutana usiku kucha zikatoka sare. Mchana jua likipanda, sare inavunjika.

Sasa mbinu yenyewe. Dereva anaondoka Singida na tairi la baridi lenye 32, anakwenda mwendo wake wa kawaida kwenye lami hadi Manyoni, kama kilomita 120, anasimama na kupima tena mara moja. Akikuta 36, amepatia: tairi limepata moto wa kiasi, limenyumbuka inavyopaswa. Akikuta 40 au zaidi, upepo wa asubuhi ulikuwa mdogo kwa mzigo na mwendo ule. Ubavu umekunjika na kukunjuka mno, ukazalisha joto, na joto ndilo lililopandisha namba. Hapo mtu asiyejua anaona 40 na kuupunguza, na huko ni kulisogeza tairi karibu na kupasuka, kwani alipaswa kuongeza asubuhi. Akikuta 33, upepo ulikuwa mwingi tangu mwanzo na tairi halikufanya kazi yoyote. Wanaosafiri sana porini duniani wanaijua kanuni hii ya paundi nne, na kwa magari yenye matairi mazito ya mizigo wengine huruhusu hadi sita. Naipenda kwa sababu inaliuliza tairi lenyewe, na tairi linajibu kwa namba.

Mzigo una sauti yake katika mazungumzo hayo. Manyoni na Itigi ni nchi ya asali, na asali ni nzito kuliko wanavyodhani wasioibeba. Dumu la lita 20 la maji lina kilo 20. Dumu hilo hilo likijaa asali linafika kilo 28. Madumu kumi nyuma ya Land Cruiser Hardtop ni kilo 280, na karibu zote zinakalia ekseli ya nyuma. Dereva mwenye mzigo huo haweki upepo sawa mbele na nyuma. Utamsikia akijibu fundi anapouliza, "Kaka, nikuwekee arobaini zote?"

"Hapana fundi. Mbele thelathini na mbili, nyuma thelathini na nane. Nina asali."

Jibu la maneno machache, na ndani yake kuna mahesabu ya uzito, barabara na mwendo. Fundi mzuri akilisikia anajua anaongea na mwenziwe.

Twende Rungwa. Baada ya Itigi njia inaingia nyika, na wakati wa kiangazi mchanga unalala kwenye nyayo za magari yaliyotangulia kwa kina cha kutosha kulizamisha tumbo la gari. Makorongo yanayoelekea mto Kizigo nayo hukauka, yakabaki na vitanda vya mchanga mweupe. Hapa utawatambua wajuzi kwa mahali wanaposimama. Asiyejua anaingia, anazama, anakanyaga mafuta, anazama zaidi, kisha anakumbuka upepo akiwa amelala chini ya gari na chepe. Mjuzi anasimama kabla ya mchanga, kwenye ardhi ngumu, anashuka na kuufanyia kazi ukiwa bado mbele yake.

Nimewatazama wakifanya hivyo na sichoki kutazama. Anafungua kifuniko cha valvu na kukiweka mfukoni, daima mfuko ule ule. Anabonyeza kijisindano cha valvu kwa ncha ya ufunguo na kuhesabu kimoyomoyo, kwa kuwa anajua matairi yake hupoteza paundi ngapi kwa hesabu ya sitini. Anasimama, anapima kwa geji, anaendelea. Wengine huweka vidole kati ya ukingo wa ringi na ardhi, kipimo walichokichukua mwanzo tairi likiwa limejaa. Nafasi ile ikipungua kwa robo, wanajua wamefika mahali pazuri pa kuanzia. Kwa gari lisilo na mzigo mkubwa mchanga wa namna hii unataka kati ya 16 na 20. Yule wa madumu ya asali hawezi kushuka huko nyuma. Atabaki 22 au 24, na atakubali kwenda polepole zaidi. Namba za gari tupu humdanganya mwenye gari lililojaa.

Ufundi huu una ukoo mrefu. Miaka ya 1920 na 1930, mwanajeshi wa Kiingereza Ralph Bagnold na wenzake walikuwa wakikatiza jangwa la Libya kwa magari madogo ya Ford, wakivuka matuta ambayo wengi waliamini gari haliwezi kuyapanda. Walijifunza kupunguza upepo na kusoma rangi na umbo la mchanga. Bagnold akaja kuandika kitabu kizima cha fizikia kuhusu mchanga unaopeperushwa na upepo, kilichotoka mwaka 1941, na wakati wa vita kuu ya pili aliunda kikosi kilichosafiri jangwani kwa ujuzi ule ule. Katika vita hiyo hiyo Wamarekani walitengeneza DUKW, lori la kutembea nchi kavu na majini, lililomwezesha dereva kubadilisha upepo wa matairi akiwa kitini. Dereva wa Itigi mwenye ufunguo na geji yuko katika ukoo huo, hata kama hajawahi kulisikia jina la Bagnold.

Kuna tahadhari ambazo wajuzi hawazivunji. Ukishuka hadi 18, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, na ukishuka hadi 15 kwa shida ya kujinasua, iwe nusu ya hapo. Usikate kona kali, kwani ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye ringi, na kuurudisha porini ni kazi ya jasho. Matairi ya tyubu, yale ya 7.50R16 yanayopendwa kwa Land Cruiser za kazi, yana hatari ya ziada: upepo ukiwa mdogo mno tairi huzunguka juu ya ringi, likaikokota tyubu na kuing'oa valvu. Wenye matairi hayo huwa hawapendi kushuka chini ya 20 bila sababu kubwa. Faida yao ni nyingine: pancha ya tyubu unaweza kuiziba chini ya mgunga kwa kiraka na solusheni, ukajaza kwa pampu ya mkono na kuendelea.

Lakini mahali panaponifanya niwakubali kabisa madereva wa mkoa huu ni kwenye kichaka cha Itigi. Ni uoto wa aina yake, vichaka vilivyofungamana vyenye kimo cha mita tatu hadi tano, na nje ya hapa unaupata upande wa Zambia, karibu na maziwa ya Mweru Wantipa na Tanganyika, basi. Watu wamekata njia ndani yake kwa ajili ya mashamba, mizinga na mkaa, na kila kichaka kilichokatwa kimeacha kisiki chembamba kilichochongoka, mara nyingi kimefichwa na majani makavu. Chini ya visiki hivyo udongo ni kichanga. Sasa upime mwenyewe. Kichanga kinataka upepo mdogo. Kisiki kinataka upepo mwingi, kwa maana tairi lililopunguzwa upepo linatoa mbavu zake nje, na ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Pancha ya kwenye kashata inazibika. Ubavu uliochanwa na kisiki hauzibiki, tairi limekwisha.

Hakuna kibandiko cha mlangoni kitakachomsaidia mtu hapo. Nimeona wanachokifanya: wanakaa katikati, 24 hadi 26, wanafunga magurudumu yote manne yavute mapema kabla ya kuhitajika, wanakwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka, na mmoja anatangulia kwa miguu pale njia inapobana. Wanakubali kuhangaika kidogo na kichanga ili wasipoteze tairi kwa kisiki. Njia ikitoka kwenye kichaka na kufunguka, wanasimama na kushuka tena hadi 20. Mara nne za kuchuchumaa, na bado hawajafika nusu ya safari. Subira ya namna hiyo siioni mahali pengi.

Kwenye changarawe yenye vijituta vilivyopangana, vile vinavyotikisa meno na kulegeza kila nati, upepo wa 26 hadi 28 unatosha kwa magari mengi, mwendo ukiwa chini ya kilomita 80. Tairi ndilo shokomzoba ya kwanza ya gari. Likiwa gumu mno, kazi yote inahamia kwenye shokomzoba zenyewe, zinachemka na kuvuja mafuta, na jiwe lenye ncha linachoma mahali ambapo tairi laini lingelikumbatia na kupita.

Kuhusu mbuga nitasema wazi maoni yangu, ingawa najua wako madereva watakaobishana nami. Udongo mweusi wa Wembere, bonde ambalo maji yake huelekea ziwa Kitangiri na kutoka humo kwa mto Sibiti hadi Eyasi, haushindwi kwa upepo wa tairi. Ukiwa umelowa juu tu, kina cha vidole vitatu, tairi lenye upepo wa kawaida hukata utelezi na kushika ardhi ngumu iliyo chini, na kupunguza sana kunakuharibia. Ukiwa umelowa kwa kina, 20 au 22 itakusaidia kuelea kidogo, lakini kashata zinajaa udongo ndani ya mzunguko mmoja na kutoka hapo unaendesha matairi vipara. Mkoa huu hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, kwa wastani wa milimita 500 hadi 800 hivi, na jua hurudi kati ya mvua na mvua. Dereva bora wa mbuga niliyepata kumjua alikuwa hodari wa kusubiri. Alikuwa akishuka, anakanyaga udongo kwa kisigino, anazungusha, anatazama kama unang'ata kiatu, kisha anasema, "Mpaka kesho saa nne." Na kesho saa nne tulikuwa tukipita.

Kazi inayosahaulika ni kurudisha upepo. Kupunguza ni rahisi, kila mtu ana ufunguo mfukoni. Mchanga ukiisha na lami ikaonekana, hamu ya kufika inashinda, na mtu anaondoka na 18 kwenye magurudumu yote kwa mwendo wa 100. Ubavu unakunjika mara mamia kila dakika, joto linajikusanya ndani ya mpira, nyuzi zinaachana, na tairi linapasuka bila salamu. Likipasuka la mbele, usukani unamtoka dereva mkononi. Kwa sababu hiyo kipimo changu cha ufundi wa mtu kiko kwenye kompresa: anayo au hana. Kompresa ndogo inayounganishwa na betri ya gari hulipandisha tairi la Land Cruiser kutoka 18 hadi 32 kwa dakika chache, injini ikiwa inaunguruma. Kwa magurudumu manne ni muda wa kunywa chai. Asiye nayo asishuke chini ya 25 mpaka ajue fundi aliye mbele yake yuko wapi.

Na mafundi wapo. Itigi, Manyoni, Ikungi, Misigiri, Shelui: tairi bovu lililosimamishwa kando ya barabara linakuonyesha mahali pao, pamoja na kompresa ya kelele na beseni la maji ya kutafutia tundu. Wanaziba pancha kwa ustadi, na wengi hutambua tairi lililochoka kwa kulipapasa tu. Waulize wakusomee tarakimu nne za mwisho kwenye kile kibango cha mviringo ubavuni: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata usipotembea, na tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa na umri unaotosha kulistaafisha. Lakini geji ya kwenye mpira wa kompresa imeanguka chini mara nyingi na kukanyagwa. Beba yako, pima kwa yako, na mheshimu fundi kwa kumwambia namba unayoitaka kabla hajaanza.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaosaini manunuzi ya magari ya hospitali, halmashauri na miradi ya mkoa huu. Gari la mamilioni mengi ya shilingi linapoagizwa, orodha ile ile iwe na geji nzuri na kompresa, na ratiba ya safari impe dereva nusu saa ya kushuka, kupima na kujaza bila kuulizwa kwa nini amechelewa. Na wewe mwenye gari lako, kesho asubuhi kabla ya kuliwasha, pima yote manne, kisha pima na la tano. Tairi la spea lijaze paundi kadhaa juu ya kiwango cha yanayotembea, kwa sababu siku utakayolihitaji, kupunguza utaweza popote, na kuongeza huenda usiweze.